Juzuu za Kitabu Kisicho na Mwanzo

Majina siwataji. Si kwa heshima yao, maana heshima hawana. Siwataji kwa sababu watoto wangu wana damu yao. Lakini wenyewe wanajijua, na mtaa wetu huu wa Mji Mkongwe unawajua.

Wa kwanza ni ami yangu. Nilikuwa darasa la tano, nasoma Kiswahili kama nnakunywa maji, alipokuja akasema mkewe kajifungua pacha na nyumba haina mtu. "Mtoto wa kike akijua kusoma barua, inamtosha," alisema. Nikatolewa skuli nikalee pacha. Leo pacha hao mmoja ni mwalimu, mwenziwe yuko ofisi ya serikali, na ami anakaa barazani na tasbihi yake akiamkiwa na kila mpita njia. Hata mimi humwamkia. Shikamoo. Naye huitikia, marahaba mwanangu, kwa sauti ya mtu aliyenifanyia wema.

Kwa hivyo nilipoolewa nikazaa, nikazaa tena, hata wakatimia tisa, niliapa hakuna atakayemtoa mwanangu kwenye kitabu. Kumbe aliyekuja kuwatoa skuli ni mimi mwenyewe, na sijutii. Wa tatu, msichana, alirudi siku moja kidole kimevimba kama sambusa. Mwalimu wake kampiga kwa rula ya mbao, kosa lake kusoma ukurasa wa mbele na wenzake bado wanaitikia wa nyuma. Nilikwenda. Yule mwalimu hata hakuniinukia.

"Mtoto wako ana kiherehere," aliniambia.

"Kiherehere chake ni cha kusoma. Chako cha kuvunja vidole."

Nikawatoa wote. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiuza maji ya miwa Forodhani. Alinitazama akacheka.

"Utawasomesha wewe? Na darasa lako la tano?"

"Nitawasomesha mpaka la tano liishe. Likiisha tutasoma pamoja."

"Haya, Bi Mwalimu. Mie nitaleta vitabu, wewe lete ubongo."

Sheha alikuja, akanywa kahawa, akasema sheria inataka watoto waende skuli. Nikamwambia watoto wa sheria hiyo huko skuli wamerundikana wanakaa chini, wangu wana mkeka. Akaondoka bila ya kumaliza kikombe. Asubuhi walikwenda chuoni kusoma Kurani kama kawaida, wakirudi tunakaa ukumbini: hesabu kwa punje za choroko, kuandika kwa chaki sakafuni, halafu kusoma.

Shida ilikuwa kitabu. Mume wangu alikipata kwa muuza karanga, kinene, cha hadithi, lakini muuza karanga alishachana kurasa za mwanzo akafungia karanga zake. Jalada hakuna, jina hakuna, mwandishi hajulikani. Kinaanza katikati ya sentensi, mtu anakimbia na ng'ombe wa wizi. Watoto wangu walikipenda mpaka wakapigana. Tisa, kitabu kimoja! Huyu anavuta, yule analia.

Akili niliipata kwenye hitma. Kila aliyehudhuria hitma anajua: mtu mmoja hawezi kuumaliza msahafu kabla ubwabwa haujapoa, ndipo zinagawiwa juzuu thelathini, kila mtu na yake, na mara msahafu mzima umeshasomwa. Nikachukua kiwembe, nikakikata kile kitabu vipande tisa. Nikavishona kwa uzi wa gunia, nikavitia majalada ya maboksi ya tambi. Kila mtoto na chake. Baada ya Maghrib wanakaa duara, wa kwanza anasimulia chake, wa pili anapokea, mpaka kitinda mimba, ambaye kusoma hajui lakini dadake keshamsomea na yeye kahifadhi. Aliyegombana na nduguye, hadithi yake imekatika. Hawakuwahi kupendana vile.

Wakaviita juzuu. Niliwakataza. "Semeni vipande." Lakini ulimi wa mtoto ukishapata njia, nani ataufunga?

Mume wangu alikufa kwa sukari. Nikaingia eda, ndani, simtazami mwanamme wa kando, siendi popote, kama dini inavyotaka. Na hapo ndipo wakaja nduguze.

Wifi yangu anakaa Kendwa, anafulia hoteli shuka. Nyumba yetu ni ya urithi wa marehemu na nduguze, na vyumba vya juu yeye alishavipigia hesabu muda mrefu: wageni walale, watoto waondoke. Alikosa sababu tu. Sababu akaipata siku ya arubaini. Wanawake wamejaa ukumbini, sanduku la juzuu ndiyo kwanza linafunguliwa, kitinda mimba wangu akatoka mbio chumbani na boksi lake la tambi mkononi.

"Na mimi nnayo juzuu yangu!"

Wifi akampokonya. "Hii nini?"

"Juzuu yangu, shangazi. Nimeihifadhi yote."

Akaifungua, akasoma kwa sauti. Na katika vipande tisa, kile ndicho mwizi wa ng'ombe anapomtongoza mke wa mwenye ng'ombe.

"Sikilizeni wenzangu! Kaka yangu udongo wake haujakauka, mkewe kawafanyia watoto juzuu za mahaba!"

"Wifi, ni vipande vya hadithi. Mtoto kafananisha."

"Kafananisha kwa akili ya nani?"

Bibi jirani, mtu mzima, alijaribu. "Muacheni mtoto jamani, tusome, ubwabwa unapoa." Nani amsikilize. Kufikia Alasiri habari ilishazunguka vichochoro vyote: mjane wa muuza miwa anakufuru.

Shemeji yangu, mkubwa wao, akaita kikao. Walikaa barazani kwangu, mimi nawasikia nyuma ya mlango. Watoto wamekosa malezi. Watoto wamekosa skuli. Wagawanywe. Wavulana wawili kwake Makunduchi, yule wangu wa tatu Kendwa kwa shangazi yake, na vyumba vya juu vipumzike. Chumba kinapumzika vipi? Vilipumzika wiki moja, vikatiwa vitanda vya Wazungu.

Nilipiga kelele nyuma ya mlango ule. Shemeji akajibu bila ya kugeuza shingo: "Wewe umo edani. Mwenye eda hatoki kugombana." Walichagua wakati, wallahi. Walijua siwezi kuwafuata.

Kila mtoto aliondoka na kipande chake kifuani. Baada ya Maghrib tukakaa na simu ya mwanangu mkubwa. Waliobaki wanasimulia, zamu ikifika ya walioko mbali, wanaleta sauti. Kutoka Makunduchi zilikuja kila siku, na mbuzi wanalia nyuma. Kutoka Kendwa zilikuja siku za mwanzo, kisha kimya. Mwizi katumbukia kisimani, tunaruka, tunamkuta sokoni anauza ng'ombe. Katokaje? Wadogo wananiuliza mimi. Mimi sikuuliza mwizi katokaje. Niliuliza mwanangu kapatwa na nini.

Eda ilipokwisha nilikoga, nikavaa buibui, kesho yake asubuhi nikashika njia ya Kendwa. Nilimkuta msichana wangu uani, mbele ya karo la shuka za hoteli, vidole vyake vimechunika kwa dawa ya kung'arisha nguo. Hata kile kilichovimba siku ile. Aliponiona hakulia. Alizima bomba, basi.

Wifi akatoka jikoni. "Karibu. Ungepiga simu."

"Skuli anakwenda lini huyu?"

"Ataanza muhula ujao. Kwanza ajifunze kazi."

"Na kipande chake kiko wapi?"

"Kile cha mkosi? Nshawashia mkaa zamani."

Sikupandisha sauti. Watu wa pale wanashangaa mpaka leo.

"Wifi, vyumba umechukua, haya. Shuka zako fua mwenyewe. Mwanangu, chukua nguo zako."

"Utamsomesha nini wewe? Darasa la tano!"

"La tano, lakini sijapata kuchemsha chai kwa kitabu."

"Ukimtoa hapa, usije kuniomba hata chumvi!"

"Chumvi iko baharini, na bahari hujaipangisha."

Wavulana wawili bado wako Makunduchi. Shemeji anawapeleka skuli, sitamsingizia. Lakini aliwachukua mimi nimefungwa mikono, na hilo nitamuuliza hata siku ya Kiyama.

Msichana wangu alirudi hana kipande. Wenziwe wakimfikia kwenye zamu, wanamruka, wanajua. Kitinda mimba ndiye hakujua. Jioni moja akamshika goti. "Dada, mwizi alitokaje kisimani?"

Akamtazama. Kisha: "Leteni karatasi."

Aliandika siku nyingi, vidole vikiuma anapumzika, anarudi. Nilimshonea kwa uzi uleule, boksi lilelile la tambi. Kipande kipya ni kinene kuliko kile kilichoungua. Tulipokaa akasoma, nikasikia kumeingia mtu ambaye katika kitabu cha muuza karanga nnavyokumbuka hakuwemo: mwanamke anayefua ukingoni mwa kisima, mwingi wa maneno, anamkanyaga mwizi vidole kila akijaribu kupanda. Mwizi akamvuta ukaya wake wa kichwani. Akatoka yeye, akaingia yule.

Kitinda mimba akatoa macho. "Halafu yule mwanamke akatoka?"

"Juzuu yangu inaishia hapo," dadake alisema, akaifunga.

Kipande kinachofuata ni cha wangu wa nne, na kinaanzia sokoni. Nimekisoma chote, mara nyingi. Mwanamke huyo hamna.