Kimya Kilichohesabiwa Kuwa Ndiyo

Ukipita Kiptere asubuhi ya kuchuma chai, utamwona Rukia kabla hujamsikia: hijabu nyeusi iliyofungwa nyuma ya shingo, aproni ya plastiki kiunoni, kikapu mgongoni, na mikono isiyopumzika. Kumsikia ni kazi nyingine. Kwenye sentaa ya kununulia chai, ambako wanawake wenzake, watu wa kanisa karibu wote, hupiga domo mpaka lori lifike, yeye husikiliza na kutabasamu tu. Wao humtania kwamba Idi alimwoa bila ulimi. Laiti wangejua jinsi utani huo ulivyokuwa karibu na ukweli.

Alizaliwa Chepkurui, binti wa Kiplimo, katika nyumba ya Kikristo upande wa Bomet. Alipofika miaka kumi na tisa alikuja kuposwa na Idi Kipkosgei, kijana Mkipsigis kama yeye, ila Mwislamu, kwa kuwa babake alisilimu zamani akifanya kazi ya reli Kipkelion. Wazee wakaelewana upesi, wazee wanapenda kuelewana upesi juu ya maisha ya wengine. Chepkurui alikuwa amemwona Idi mara tatu. Hakumchukia, wala hakuwa ameamua. Akasilimu, akapewa jina la Rukia, na siku ya ndoa ikapangwa.

Shangazi yake, mwanamke wa mila zake, akamweka kando na kumfunza mambo. "Ukiulizwa kitu, nyamaza. Ukifika mlangoni, simama. Usisogee mpaka uahidiwe ng'ombe." Ndivyo walivyoolewa wanawake wa ukoo huo. Bibi harusi hugoma, akabembelezwa, akaahidiwa hiki na kile, na katika kule kubembelezwa ndipo naye hupata nafasi ya kusema lililo moyoni. Rukia alikuwa na lake. Alitaka kusema kwamba angependa amjue Idi kwanza, hata kwa msimu mmoja wa mahindi.

Siku ya nikahi akaketi chumbani, mtandio usoni. Kwa sababu babake hakuwa Mwislamu, mzee mmoja wa msikitini, mtu asiyemjua hata kwa jina, ndiye aliyesimama kuwa walii wake, yaani msimamizi wa kumwoza. Mzee akauliza nyuma ya pazia kama anamkubali Idi. Rukia akanyamaza, akisubiri abembelezwe. Mzee akauliza tena. Kimya. Mara ya tatu mzee akasema kwa furaha, "Alhamdulillahi, binti ana haya zake, amekubali," na vigelegele vikapasuka nje. Kwa shangazi, kimya kilikuwa mwanzo wa mazungumzo. Kwa yule mzee kilikuwa ndio mwisho wake. Hakuna aliyedanganya, na msichana akaolewa kabla hajajibu.

Miezi kadhaa baadaye, katika darasa la wanawake la msikiti wa Kericho mjini, ndipo alipofahamu kilichompata. Mwalimu aliwaeleza kwamba kimya cha mwari huchukuliwa kuwa ridhaa kwa sababu ya haya, lakini kwamba mwanamke ana haki ya kusema ndiyo, ya kusema hapana, na ya kusema ndiyo pamoja na sharti, likaandikwa. Rukia alirudi nyumbani na maneno hayo, akapika ugali, akayanyamazia.

Si kwamba Idi alikuwa mume mbaya. Angekuwa mbaya, jambo lingekuwa rahisi. Alimchotea maji alipokuwa mjamzito, akamfuta machozi alipofiwa na mama yake, na katika miaka ishirini na minane hakumwinulia mkono. Rukia alimpenda, hilo liandikwe wazi. Lakini lile swali lilikaa kama changarawe ndani ya gambuti: unatembea, unachuma, na unajua liko.

Sasa binti yao Mwanaidi, mwanafunzi wa uuguzi aliyebakisha mwaka mmoja, alikuwa anaolewa na Hamisi, fundi wa magari wa Kipkelion. Walipendana, hilo halikuwa na shaka. Ila mama wa Hamisi alishaanza kusema kwamba mke wa mtu hukaa na mumewe, koleji haikimbii. Mwanaidi alitaka kumaliza masomo, na alijua sharti hilo linaweza kuandikwa kwenye cheti.

"Basi waambie," mamake alisema.

"Mbele ya hao wazee wote? Mama, mimi nitanyamaza tu. Si kila mtu hunyamaza?"

Maneno hayo yalimchoma Rukia kuliko matusi. Kesho yake asubuhi, wakiwa wawili shambani, kila mmoja upande wake wa mstari wa chai, akamwambia mumewe.

"Baba Mwanaidi, siku ile ya nikahi, hiyo kimya yangu haikuwa ndiyo."

Idi aliacha kuchuma. "Ilikuwa nini?"

Akamweleza yote, shangazi, pazia, na yule mzee mwenye haraka. "Sasa huyu mtoto pia anataka kunyamaza. Wewe ndiye walii wake. Usikubali kimya."

"Kwa hivyo miaka hii yote haukunitaka?"

"Sijasema hivyo. Nasema sikuulizwa."

Idi akabeba kikapu chake kikiwa nusu, akashuka. Kwa siku mbili alikula, akashukuru, akatoka. Rukia alilala akimtazama mgongo na kujilaumu: amemuumiza mtu mwema, na huenda binti asipate chochote.

Siku ya harusi wanaume walikaa chini ya hema, sheikh akiwa na kitabu chake cha vyeti, wanawake wakajaa sebuleni. Idi akaingia na mashahidi wawili, mmoja wao ndugu yake Kipsang, mtu anayependa mambo yaishe pilau ikiwa moto. Idi akamuuliza binti yake. Mwanaidi akainamisha kichwa. Akauliza tena. Kimya.

"Amekubali," Kipsang akasema, "twende."

"Bado."

"Bado nini? Mtoto ana haya!"

"Nimesema bado." Na Idi, mzee wa miaka hamsini na saba, mwenye kanzu mpya na goti bovu, akajishusha polepole akaketi mkekani mbele ya binti yake. "Mwanaidi, mimi sina haraka. Ukitaka kunyamaza mpaka saa kumi, nitakaa. Ukisema hapana, nitaenda nje niwaambie wale chakula tu. Lakini sitachukua kimya yako nikaifanya maneno yangu."

Wanawake wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mwanaidi akainua uso.

"Namkubali Hamisi," akasema. "Lakini nataka nimalize koleji, na nifanye kazi. Na iandikwe."

Mashahidi walipofikisha maneno hayo hemani palizuka manung'uniko, na sebuleni mama wa Hamisi akatoa mguno uliosikika hadi barabarani. Hamisi akasema, "Iandikwe," kabla hajaulizwa mara ya pili. Sheikh akaandika, akawasomea wote, kila mtu akasikia. Rukia alilia waziwazi, wala hakutafuta pa kujificha.

Alasiri mvua ikawafukuza wageni. Rukia alikuwa jikoni akikwangua ukoko wa sufuria Idi alipoingia, kanzu imelowa mabegani. Hakuketi. Akasimama mlangoni akimtazama kama mgeni anayeogopa mbwa.

"Chepkurui binti Kiplimo," akasema, na jina hilo hakuwahi kumwita tangu waoane. "Mimi Idi Kipkosgei nakuuliza. Unanikubali kuwa mume wako?"

Neno lilimfika Rukia mdomoni papo hapo, maana alikuwa nalo miaka mingi. Akalizuia. Alimtazama yule mwanamume aliyekuwa akitiririka maji, asiyegusa chochote, asiyemharakisha, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaonja utamu wa kusubiriwa.

"Kaa chini kwanza," akamwambia. "Wacha nifikirie."

Idi akavuta kigoda, akakaa.