Jogoo wa Kumngoja Damaris

Begi la Damaris lilikaa chini ya kitanda miaka miwili, likimeza vitu polepole kama chatu: leo shuka, mwezi ujao sweta, halafu chupa ya chai, vyote vya mamake anayeugua kifua kule Vihiga. Lilishiba mpaka zipu ikawa inaguna. Kwa hivyo siku madam alipochungulia jikoni, hapo Al Barsha, ughaibuni anakofanya kazi za nyumba, akasema, "Damaris, yalla, funga mizigo, tunaenda likizo," hakuuliza likizo ya nani. Alimpigia mama papo hapo.

"Chinja jogoo, Mama!"

"Nichinje kabla sijakuona? Nitamfunga mguu akungoje."

Pasipoti ilikuwa kwa madam, kama siku zote. Kwenye uwanja wa ndege ndipo Damaris alipoambiwa: Uturuki. Kuna rasi ndefu, nyembamba, na mji wa bandari uitwao Datça. Watoto wa madam wanataka kuogelea.

Mji wenyewe ulikuwa kimya, hata samaki akipiga chafya utamsikia. Mashua zimefungwa kamba, paka wamelala juu ya nyavu, wazee wanavunja lozi bila kusemezana. Damaris aliutazama kupitia dirisha la jikoni, mikono ndani ya povu, begi lake liko mlangoni halijafunguliwa.

"Umefika wapi?" mama akauliza kwenye simu.

"Ndege imetua kidogo, Mama. Rubani ameshuka kununua lozi."

"Lozi ngapi hizo?"

"Gunia. Tena kuna paka amelala kwenye bawa. Tunangoja aamke."

Mama alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikakawia kwisha kuliko kicheko.

Siku kumi, paka hakuamka. Waliporudi Al Barsha, Damaris alingoja madam amalize kahawa.

"Madam, na likizo yangu? Mamangu mgonjwa."

"Likizo gani tena? Si umetoka kuona bahari? Wenzako hata hawapelekwi. Khalas, miaka miwili mingine, inshallah."

Akalirudisha begi chini ya kitanda. Jioni alipiga simu, uongo wa siku hiyo uko tayari mdomoni: bawa limeota kutu. Hakupata nafasi ya kuusema.

"Jogoo nimemchinja," mama akasema. "Mchuzi nimekunywa. Nyama, meno yamekataa."

"Mama..."

"Mwache paka alale, mwanangu."