Nilimwambia Shabani breki ni breki

Kosa ni langu. Naanza na hilo, maana nimezunguka nalo mwaka mzima na nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka hadi usingizini.

Mimi ni dereva wa bodaboda na mwenyekiti wa kijiwe kimoja hapa Mkuza, Kibaha. Jina langu liacheni. Huyo ninayemwita Shabani naye silo jina lake.

Kijiweni kwetu kulikuwa na chupa kubwa ya maji iliyokaa chini ya benchi. Tuliiita chupa ya wote. Ukinunua mafuta ya breki, ukatia kwenye pikipiki yako yakabaki, yanayobaki unayamimina humo. Mwenzako akipungukiwa anachukua. Hakuna aliyeuliza ni ya aina gani. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na nilikuwa najisifia kabisa.

Siku moja lori liliharibika Misugusugu. Nilimsaidia dereva kuleta fundi, na alipoondoka akaniachia oili ya hydroliki iliyobaki, ile ya usukani. Nyekundu, safi. Nikaona bahati hiyo! Nikaimimina yote kwenye chupa ya wote.

Kesho yake Shabani akaja kujazia. Pikipiki yake breki ya mbele ni ya diski, ina kile kikopo pale kwenye usukani. Akafungua kifuniko, akatazama chupa, akasita.

"Mwenyekiti, mbona mekundu haya?"

"Ya lori hayo. Tia."

"Lakini hapa kwenye kifuniko wameandika yatiwe mafuta ya doti foo. Haya ndiyo yenyewe?"

Jamani! Kijana aliuliza. Alisoma, akauliza! Na mimi mbele ya watu nikaona aibu kusema sijui. Nikamjibu, "Breki ni breki. Lori la tani kumi linasimama, sembuse hako kapikipiki kako?" Kijiwe kizima kikacheka. Naye akacheka, akatia.

Wiki nzima breki ilishika. Halafu akapata abiria wa Kisarawe, mama mmoja mtu mzima. Kwenye mteremko akabana breki, mkono wa breki ukaenda hadi mwisho, hakuna kitu. Akakanyaga ya nyuma, tairi likateleza kwenye kokoto. Yule mama alivunjika mkono. Shabani mguu ulivunjika mara mbili.

Mimi ndiye niliyepeleka pikipiki kwa fundi. Akaifungua breki akanionyesha zile raba za ndani. Zilikuwa zimevimba kama andazi lililosahaulika kwenye chai.

"Nani katia hydroliki humu? Hii inataka mafuta yake, doti foo. Hydroliki inakula raba. Leo inashika, kesho inakuacha."

Nikasema sijui. Nikarudi kijiweni, nikaichukua ile chupa nikaenda kuitupa mbali. Hakuna aliyeniuliza.

Basi Shabani alipotoka hospitali tukakaa kikao. Alikuja na magongo. Akajieleza kwamba hakukimbiza, breki ndiyo iliyomwacha. Watu wakaguna. Kila anayeanguka husema breki! Mmoja akasema kijana anapenda mwendo, mwingine akadakia kwamba aondolewe kijiweni. Shabani alikuwa ananitazama mimi tu. Alikuwa anangoja niseme neno moja.

Niliinamisha kichwa nikaandika kwenye daftari kwamba ameondolewa. Kwetu ukiondolewa unavua kizibao chenye namba yako ya kijiwe mbele ya wenzako. Alishindwa kukivua kwa sababu ya magongo, nikamsaidia mimi. Kwa mikono yangu hii!

Sasa yuko kwao Kisarawe, analima mihogo na mama yake, anachechemea. Mimi bado mwenyekiti. Vijana wananiheshimu, wananiletea matatizo yao niwaamulie. Nawaamulia, huku najiona tapeli.

Huwa naenda kumwona. Kila nikienda nakiweka kile kizibao kwenye mfuko, namba kumi na nne, nikidhamiria leo namrudishia na kusema ukweli. Nikifika mama yake ananikaribisha, namwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, ananiambia wewe ndiye peke yako unayemkumbuka mwenzako. Narudi Kibaha na kizibao kile kile na mihogo ya kupewa.

Mara ya mwisho Shabani alinisindikiza hadi barabarani, polepole na ule mguu wake. Nikapanda pikipiki, akainama akasoma kifuniko cha breki yangu.

"Mwenyekiti, ile chupa ya wote bado ipo?"

"Nilishaitupa," nikasema.

"Lini?"

Nikawasha pikipiki. Akatikisa kichwa taratibu, akanifungia vizuri mfuko wa mihogo pale nyuma usianguke njiani. "Nenda salama," akaniambia. Anajua! Amejua tangu siku ya kikao, na bado anangoja niseme mwenyewe.

Wenzangu wa bodaboda, someni kifuniko. Kimeandikwa doti foo, nunua doti foo, tena chupa iliyofungwa, usichukue ya chini ya benchi. Kama hujui, sema hujui, watu wacheke yaishe. Na wewe uliye mkubwa wa kijiwe, kijana akikuuliza swali la breki, usimjibu ili kuchekesha watu.

Kizibao nimekifua jana. Kimening'inia mlangoni hapa ninapoandika, na mke wangu ameniuliza ni cha nani. Nimemwambia cha Shabani. Akauliza, sasa kwa nini kiko kwetu?