Sauti ya Tatu Korongoni

Mjomba wangu aliniita mara tatu akiwa amelala chini ya ukingo wa korongo, paja limevunjika. Mimi nilisikia mara mbili, na sikuitika. Nilikuwa na miaka tisa.

Nianze mwanzo, maana jambo hili nikilisimulia kwa kurukaruka hunipotea hata mimi.

Mwaka jana nilirudi kule. Tulitoka Kilwa Masoko alfajiri, mimi na wageni wanne ndani ya gari la watalii. Walitaka kuona tembo, kisha watembee kwa miguu kwenye makorongo ya nyuma ya milima ya Matumbi. Mwongozaji wetu, mwanamke wa makamo mwenye filimbi shingoni, alitupanga mstari kabla hatujashuka korongoni. "Tukiachana, itaneni," alisema. "Na ukisikia jina lako, itika hapo hapo. Usingoje." Wageni waliitikia kwa vichwa.

Utotoni tulifundishwa kinyume chake.

Kila kiangazi, ufuta ukishavunwa na korosho hazijaanza kuanguka, bibi alitupeleka kwao, mimi na dada yangu. Mjomba, mtoto wa kiume pekee wa bibi, alituendesha kwa pikapu yake kuukuu mpaka barabara ilipokwisha. Kama umewahi kusafiri na ng'onda ndani ya gari lililofungwa madirisha kwa ajili ya vumbi, unaijua safari hiyo. Bibi alibeba samaki hao wakavu na chumvi kuwapelekea ndugu zake wa bara, na kurudi alibeba mtama na asali. Njiani tulikula mihogo ya kuchemsha ikiwa bado na joto, na vumbi jekundu likaingia mpaka katikati ya meno.

Mwisho wa barabara gari liliachwa chini ya mkwaju, na kutoka hapo tulipita korongoni kwa miguu. Kuta zake zilikuwa za mawe ya kijivu, zimetobokatoboka, na popo walilia ndani yake hata mchana. Chini kulikuwa na mchanga mweupe wa mto uliokauka, na juu ya mchanga huo ungeweza kusoma nani amepita: nyati, ngiri, kanga. Safari nyingine tulikuta unyayo mpana kama wa paka mkubwa, usio na alama za kucha. Huo bibi aliupita bila kuutazama, nasi tulijua tusimtaje mwenye huo unyayo. Mle ndani aliitwa "mwenyewe," basi.

Dada yangu, aliyenizidi miaka minne, alinufaika sana na hofu yangu. "Tembea, wewe," alininong'oneza. "Mwenyewe huanza na wa nyuma. Tena wewe unanuka ng'onda."

"Na wewe je?"

"Mimi nimekonda. Atanitema."

Bibi alikuwa na sheria za korongo, na iliyokuwa kubwa kuliko zote ni hii: ukisikia jina lako, usiitike mpaka liitwe mara ya tatu. "Mtu huita mara tatu," alisema. "Kisicho mtu kinaweza kuiba jina lako mara moja, hata mbili. Pumzi ya tatu hakina." Tulipokuwa tukitembea, akisikia sauti yoyote, aliinua mkono na kuhesabu kwa vidole. Kwao hakuna aliyeicheka sheria hiyo. Walikuwapo watu walioitika mapema, wakaifuata sauti, wasirudi.

Mwaka ule springi ya gari ilikatika kabla hatujafika mkwajuni. Mjomba aliingia uvunguni na kipande cha mti na mpira wa baiskeli.

"Mama, tangulieni," alisema, miguu tu ikionekana. "Nafunga hapa, nawakuta njiani."

"Usipite juu ukingoni," bibi alimwambia.

"Sipiti juu, mama."

"Nimekwambia."

"Nimesikia, mama! Wewe nenda, utamaliza watoto kwa jua."

Tulipoingia korongoni jua lilikuwa limeanza kuinama. Hatukufika mbali tukauona unyayo. Safari hii bibi aliutazama. Mchanga wa pembeni ulikuwa bado unaporomoka taratibu kuingia ndani yake. Bibi alinishika kwa mkono wake wa kulia, akamsogeza dada mbele yake, na mzigo wa ng'onda akauteremsha kichwani na kuuacha pale pale juu ya jiwe. Sijapata kumwona bibi akiacha chakula popote, kabla ya siku ile wala baada yake.

Tulikuwa tumeshapita kona mbili niliposikia jina langu.

Lilitoka nyuma, juu kidogo, likagonga ukuta mmoja na kurudi kwenye mwingine. Bibi alisimama. Mkono wake wa kushoto ulipanda, kidole kimoja. Popo walinyamaza. Dada alikuwa ameziba masikio. Likaja tena, zito na limepasuka, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Vidole viwili.

Tukangoja. Nilisikia damu ikigonga masikioni mwangu, zaidi ya hapo sikusikia kitu.

"Twendeni," bibi alisema. "Msigeuke."

Tulifika kwao magharibi. Watu walitupokea, shikamoo, marahaba, maji ya kunywa. Bibi aliwaambia wanaume, "Mwanangu hajafika." Habari ya sauti hakuisema. Walimjibu kwamba mle hakuingiliki giza likishashika, wangekwenda kukicha. Alikaa mlangoni ameielekea njia, na ugali aliowekewa uliamkia pale pale.

Walimleta asubuhi juu ya kitanda cha kamba, yu hai. Alikuwa amepita juu ili atuwahi, ukingo ukamegeka. Usiku alichoma shati lake, kisha kofia, kisha kiatu kimoja kimoja, kwa sababu kitu kilikuwa kinamzunguka. Neno lake la kwanza alinielekezea mimi. "Niliita mara tatu," alisema. "Kama tulivyofundishwa." Bibi alikuwa anapepeta mtama. Ungo haukusimama.

Mguu ule haukunyooka tena. Gari aliliuza. Mimi ananipenda mpaka leo, lakini tangu siku ile haniiti kwa jina, hunipigia mluzi.

Nilipokuwa sekondari nilimwuliza bibi, "Ulisikia ya tatu?" "Mjukuu wangu," alisema, "nilikuwa na watoto wawili mkononi." Hakuongeza neno mpaka alipokufa.

Mwaka jana hatukukuta popo wengi. Mkwaju umekatwa, kijiji cha bibi kimehamia barabarani, na njia yetu imejaa alama za buti za wageni. Niliitambua ile kona kwa ukuta wake. Nikamwomba mwongozaji arudi nyuma, apande ukingoni kwa uangalifu, aniite kwa jina mara tatu. Nilisimama pale pale tuliposimama, nikafumba macho.

Nilizisikia zote tatu. Ya tatu ilikuwa ndogo, lakini ilifika.

"Mbona huitiki?" alipaza sauti mwongozaji. "Mama! Uko salama?"

Labda siku ile mjomba alikuwa ameishiwa nguvu. Labda masikio yangu ya miaka tisa yalijaa hofu. Ila liko jambo ambalo sijamwambia mjomba, wala dada. Kabla bibi hajasema twendeni, nilikuwa nautazama mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimesimama wima. Cha tatu kilikuwa kimeinuka nusu.