Saini ya Kiini Kirefu

Kwa miaka minne, huko ughaibuni, kazi yangu ilikuwa moja: kuchora kiini cha kinu cha nyuklia, kile kinachopozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka. Hofu yetu sote ilikuwa sodiamu hiyo ichemke. Kiini kikiwa kirefu, mapovu yakianza, moto unazidi badala ya kupungua, na waliopo wanaweza wasipate hata muda wa kukimbia. Mimi nilichora kiini kifupi na kipana. Hapo neutroni, chembe zinazouendeleza moto huo, zinatorokea juu na chini, na moto unafifia wenyewe bila mtu kugusa kitu.

Mkuu wetu alikitazama, akasema kinakula mafuta mengi ya nyuklia. Alitaka kirefu. Nilibisha wiki nzima, kisha nikachora kirefu na kutia saini kwamba ni salama. Najichukia kwa saini ile. Nilipewa cheo na likizo, nikaja nyumbani Songea.

Baba yangu anachoma tofali mtaa wa Ruhuwiko. Matanuru yake ni mafupi na mapana. Yanakula kuni kweli, na wachomaji wenzake wa mtaa wa Majengo wamemcheka kwa hilo tangu niko shule ya msingi. Ila hakuna tanuru lake lililowahi kumwangukia mtu. Ana sharti moja: aliyepanga tofali ndiye anayewasha, na anakaa pale mdomoni mwa tanuru mpaka moto ushike.

Nilipanga naye siku tatu, viganja vikachubuka, nikafurahi kama mtoto. Asubuhi ya kuwasha alinipa kiberiti. Ndipo akauliza habari za kazi. Nilianza na cheo, nikitaka sifa, neno likavuta neno hadi nikafika kwenye saini. Alisikiliza huku akikandika udongo kwenye ufa.

"Na hilo tanuru lenu refu, utaliwasha wewe?"

Nikamwambia hapana, baba, watawasha wengine, mimi nitakuwa ofisini, mji mwingine kabisa.

"Hao watakaowasha wanajua unachokijua?"

Nikakigeuzageuza kile kiberiti mkononi. Alinawa mikono kwenye ndoo, taratibu, akaifuta kwenye suruali, kisha akaninyooshea kiganja. Nilidhani anataka kunishika mkono. Alikuwa anataka kiberiti chake.