Uzito wa Bunduki Nyepesi

Mpaka leo nikisikia mtu anasifu kitu kwa wepesi wake, moyo unanichemka. Wasifu simu zao na baiskeli zao watakavyo. Bunduki nyepesi wasinisifie, maana mimi najua wepesi wake unaishia wapi.

Tulikuwa tukiishi Kidichi, mimi na mume wangu, miaka michache baada ya Mapinduzi. Alikuwa mchumaji wa karafuu, na msimu ukimalizika alikuwa msasi, mmoja wa wale wanaume wa shamba waliowinda nguruwe kwa mbwa na mikuki. Nguruwe hatuwali, lakini wao mihogo yetu walikuwa wakiila. Mume wangu alikuwa na gobori la babu yake, bunduki ya kushindilia baruti, zito kama mchi. Alilibana kwapani, kitako mbali na bega, uso ameugeuza pembeni, kwa sababu gobori hutema cheche karibu na jicho. Wasasi wote walipiga hivyo. Likilia lilitikisika lenyewe, basi, na yeye akarudi nyumbani mzima.

Kisha silaha za raia zikakusanywa, na gobori likaenda zake. Nguruwe hawakukusanywa. Walizidi, wakalifukua shamba letu mpaka nikawa naona aibu kulipita. Tulilalamika sana, hata siku moja mkubwa wa ofisi moja mjini akaja na gari na kutuletea bunduki mpya ya kuwindia, fupi, na risasi zake ndefu kuliko kidole changu cha kati. Alisema risasi hizo huko bara zinaangusha nyati. Unguja hatuna nyati. Nilingoja mmoja wa wanaume aulize zinatuhusu nini, asiulize mtu. Walikuwa wakipokezana ile bunduki na kucheka.

"Nyepesi hii," alisema yule mkubwa. "Hata mwanamke anaipiga."

Kwetu neno 'nyepesi' lina maana mbili. Yeye alitaja uzito, wao wakasikia kwamba ni rahisi. Hakuwaambia ishikwe vipi, wala hakuipiga yeye hata mara moja. Alimkabidhi mume wangu kwa kuwa ndiye mwembamba kuliko wote, eti imemfaa, akaondoka.

Asubuhi iliyofuata mume wangu aliishika kama baba yake alivyomfundisha, kitako mbali na bega. Nilikuwa kisimani. Nilisikia mlio nisioujua, kisha mbwa wakanyamaza. Wenzake walimleta wamemshika kiuno, mkono unaning'inia, mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, umevunjika. Kitako kilikuwa kimerudi nyuma kwa nguvu zote zile za kuangusha nyati. Gobori lilikuwa na uzito wa kulimeza pigo lake. Hii haikuwa na pa kuliweka, ikampa yeye. Na mtu aliyeileta alilijua hilo, au alipaswa kulijua kabla ya kuipakia garini.

Fundi wa kuunga mifupa wa Bububu alimfunga vizuri, lakini alituambia mkono ule hautainuka tena kupita bega. Mume wangu akawa anafungia sala kwa kuinua mkono mmoja badala ya miwili, na kila nikimwona hasira zilinipanda upya. Karafuu zilikuwa karibu kuiva. Mkarafuu haukwewi kwa mkono mmoja, na sisi hatukuwa na kazi nyingine.

Yule mkubwa alipopata habari alikuja. Alimkuta mume wangu amekaa barazani na bendeji yake, na la kwanza aliloliuliza ni kama bunduki ilianguka mchangani. Pole ilikuja baadaye. Kisha akamweleza kwamba kosa ni lake, hakuikaza begani. Mume wangu, mpole wa kukera, akaitika, "Naam, bwana." Hapo nikaona siwezi. Niliingia ndani, nikaitoa ile bunduki, nikamwekea mkubwa mikononi.

"Ichukue, ndugu," nilimwambia. "Nyepesi kweli. Uzito wake nshauona, uko begani kwa mume wangu."

Mkubwa alikifuta kitako kwa leso yake, akakitazama kama kina mkwaruzo, akaingia garini. Msimu ulipofika, wenzake mume wangu walikwea. Mume wangu alikaa chini ya mikarafuu yetu akiokota zilizoanguka, na upande wa pili wa shamba nguruwe walikuwa wakila mihogo.