Shati Lililoupa Mlango Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Nilifika kwenye karakana ya ushonaji ya Jules Street, Malvern, huku ugenini, binti yangu Neema akiwa mgongoni, na majivuno yangu yote ya Bukavu, maana kwetu nilishaitwa fundi. Fundi Mkuu, mzee wa Tanga ambaye sikuwahi kumwona bila tepe shingoni, alinipeleka moja kwa moja kwenye chuma kirefu kilichotundikwa nguo ambazo wenyewe hawajaja kuzijaribu wala kuzichukua. Zote zilikuwa zimeupa mlango mgongo, isipokuwa koti moja la kijivu.

"Ligeuze hilo, Mama Neema," alisema.

"Juu ya nini, Baba?"

"Mwenyewe hajaja. Nguo isiyo na mtu haitazami mlango. Ikitazama inamwita, na anayeitwa hivyo hatujui atakuja vipi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, basi nikaligeuza. Kesho yake asubuhi lilikuwa linautazama mlango tena, na Fundi Mkuu akalirudisha kama mtu anayefunga dirisha.

Ninyi mnaonunua nguo zilizokwisha shonwa hamjui bandi. Bandi ni mshono wa muda, wa uzi mweupe na hatua ndefu, unaoshikilia vipande mpaka mwenye nguo aje aijaribu. Akishaijaribu, fundi anapitisha cherehani, halafu anauvuta ule uzi mweupe na kuutupa. Fundi Mkuu alikuwa na amri ya pili: bandi haivutwi mwenyewe asipokuwepo. "Ukiivuta," alisema, "umesema haji."

Mwenye karakana alituletea Meneja mpya, kijana mwenye haraka. Aliona chuma kile kinakula nafasi. Siku moja baada ya chakula cha mchana akashika koti la kijivu, akavuta bandi zote mbele yetu, akavirusha vipande kwenye kapu la matambara. Kesho yake akaja mama mmoja na macho yamevimba. Alikuwa dada wa mwenye koti. Alitaka koti la kumzikia kaka yake, aliyefariki jana yake mchana. Meneja aliketi kwenye kiti cha wateja. Tangu hapo alipopita kwenye chuma kile alipita upande wa pili wa meza. Mtasema ilitokea tu. Semeni, mimi nilikuwepo.

Wakati huo nilikuwa namshonea mume wangu shati la kitambaa cha buluu. Baba Neema alikuwa mlinzi, na bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, kwa hiyo mashati ya dukani yalimkaa vibaya. Nilikata, nikapiga bandi, nikamwambia ajaribu. "Nikirudi," alisema. Ilikuwa ile Mei wageni kama sisi walipokuwa wakipigwa na kufukuzwa, naye alikwenda mtaa wa Alexandra kumtoa mdogo wake. Mdogo wake alitoka kwa njia nyingine, yu hai mpaka leo. Baba Neema hakurudi. Tulitafuta polisi, hospitali, hata vyumba vya maiti. Hatukupata mtu, hatukupata mwili.

Nililitundika lile shati ubavuni mwa kabati chumbani, mgongo kwa mlango.

Kutoka Jules Street nilihamia kiwanda cha sare. Msimamizi wa Zamu, mwanamke mkali mwenye sauti ya filimbi, aliniambia siku ya kwanza, "Mama, hapa hatushoni watu. Tunashona saizi." Nilikaa kwenye ovaloki, mashine inayokata ukingo wa kitambaa na kuuziba papo hapo, mpaka nikawa naisikia usingizini. Hakuna aliyepiga bandi pale. Kazi ilinilipia chumba mtaani La Rochelle na ada ya Neema, sina neno baya. Lakini niliporudi nyumbani jicho la kwanza lilikwenda kwenye shati. Asubuhi nyingine nililikuta limegeuka, kifua mlangoni, na madirisha yote yamefungwa. Neema alisema ni upepo. Mimi nililigeuza tu, nikaenda kazini.

Macho yalipochoka nikastaafu. Hapo ndipo Neema, mtu mzima sasa, akaja na habari ya Mwalimu. Ni Mkenya, bingwa wa mfarishi wa vipande: vipande vilivyoungwa juu, pamba katikati, kitambaa kizima chini, vyote vikishonwa pamoja. Kazi zake zimetundikwa mahotelini na makanisani, na watu husubiri mwaka mzima kupata nafasi darasani. Sasa alikuwa anakuja kufundisha kwenye ukumbi wa kanisa, karibu na kwetu. Sharti lake lilikuwa moja: kila mwanafunzi alete nguo ya mtu aliyekwenda, ikatwe.

"Nimekuandikisha," Neema alisema. "Utapeleka shati la Papa."

"Ile shati haiwezi katwa. Iko na bandi."

"Eish, Mama! Wenzangu wanaenda makaburini, wanafagia, wanalia, wanarudi. Mimi sina kaburi. Sura yake siikumbuki. Nipe basi hata blanketi."

Niliumia. Mtoto alikuwa na haki. Lakini kumpa blanketi lile ilikuwa ni kuuvuta uzi, na mimi nilikuwa nimeona uzi ukivutwa.

Nilikwenda kusikiliza tu, shati likiwa ndani ya mkoba. Mwalimu alilipokea kwa mikono miwili, akalitandaza mezani, akapitisha kidole begani.

"Huyu bega moja lilishuka," alisema. Halafu akainamia mshono. "Mama, umelishona lini?"

Nilimwambia. Akanyanyua ncha ya uzi. Kitambaa kilikuwa kimefifia na mikunjo imekuwa ya manjano, lakini bandi ilikuwa nyeupe pe, kama nimeipiga asubuhi ile.

"Huu uzi ni mpya," alisema. "Nani huwa anaurudia?"

"Hakuna mwenye kugusa, Mwalimu."

Vidole vyake vilikuwa bado kwenye uzi. Nilimpokonya shati kabla hajavuta, bila hata kuomba radhi, nikatoka. Nilitembea mpaka kwenye robot ya kwanza, zile taa za njia panda, na taa ikageuka kijani mara mbili nikiwa nimesimama.

Nyumbani nilifungua kabati. Lilikuwemo gauni la kitenge nililojishonea ule mwaka Baba Neema alipopotea, la kuvaa siku atakaporudi. Sikuwahi kulivaa. Nililinusa, likanuka dawa ya nondo na sabuni. Niliketi nalo mapajani, nikalia kama siku za kwanza.

Darasa lilipoanza nililipeleka lile gauni. Mwalimu alishika mkasi.

"La nani hili, Mama?"

"La mwanamke aliyekuwa anangoja."

Alinipa mkasi nikakata mwenyewe.

Mfarishi wa gauni lile uko kitandani kwa Neema. Hujifunika hata siku za joto, na siku moja nilimsikia anaongea nao. Mimi ni mstaafu sasa. Nafundisha wasichana wawili wa Kikongo kupiga bandi, ingawa hawaoni faida yake, nao wananitania kwamba cherehani za siku hizi hazihitaji. Huwa nawaambia amri mbili za Fundi Mkuu, na sababu zake siwaelezi.

Shati liko pale pale ubavuni mwa kabati, uzi wake mweupe. Tangu nilipokata gauni, halijageuka hata mara moja. Neema anasema nimepona. Labda. Lakini jioni, akishatoka, huwa naenda mwenyewe nikaligeuza, kifua mlangoni, limwite, kisha naketi kitandani na taa imewashwa. Aje vyovyote atakavyokuja.